Ndege ya Kivita Ikirudi Uraiani

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Leo naomba ruhusa ya msomaji nihakiki kitu ambacho hakina jalada wala kurasa: ndege ya jeti ya kivita iliyomaliza kazi jeshini, ikauzwa, ikakarabatiwa, na baadaye ikarushwa na raia siku za maonesho. Nasema "kuhakiki" kwa makusudi. Ndege ya namna hii haisimami uwanjani peke yake. Huja na hadithi yake: kijitabu cha maonesho, ubao wa maelezo, sauti ya mtangazaji kwenye vipaza sauti, kanda za video zinazozunguka mpaka huku kwetu. Hadithi hiyo ina msimulizi, ina mhusika mkuu, ina mambo yaliyotajwa na mambo yaliyonyamaziwa. Kwa hiyo ina fani na maudhui kama kazi nyingine yoyote, na kama kazi nyingine yoyote inaweza kusema kweli au kutughilibu.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: wewe mtu wa Maretadu, jeti za Wazungu zinakuhusu nini? Swali ni halali. Huku Mbulu ndege tunayoijua kwa karibu ni zile ndogo zinazotua kwa jirani zetu wa Haydom, penye hospitali. Jeti kwetu ni mstari mweupe juu kabisa ya mawingu. Lakini ndege ninayotaka kuizungumza haikupita juu tu. Iliajiriwa Kenya, iliajiriwa Oman wanakoishi Waswahili wengi, iliajiriwa Botswana, ndipo ikarudi Uingereza kuwa raia. Jina lake ni Strikemaster.

Hebu kwanza tujue wasifu wake. Ilitengenezwa na kampuni ya BAC ya Uingereza, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1967. Ilitokana na Jet Provost, ndege ya kufundishia marubani, ndiyo maana viti vyake viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, mwalimu hapa na mwanafunzi pale, kama gari la shule ya udereva. Waliiongezea nguvu ya injini, wakaiwekea bunduki mbili za rashasha za milimita 7.62, na chini ya mabawa wakaweka mahali pa kuning'inizia mabomu na roketi, mzigo wa zaidi ya tani moja. Haikuundwa kupambana na jeti za mataifa makubwa. Kazi yake ilikuwa kufundisha, na kuwapiga watu walio ardhini, aghalabu watu wasio na ndege yoyote. Wateja wake wengi walikuwa Uarabuni, Asia, Afrika na Amerika ya Kusini.

Kenya ilinunua sita, zikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka ya mwisho ya 1980 ziliuzwa Botswana, zikaungana na nyingine zilizotoka Kuwait. Botswana nayo ilipopata jeti zilizotumika kutoka Canada, Strikemaster zake ziliuzwa Uingereza mwaka 1997, na baadhi zikapewa namba za usajili wa kiraia. Safari hiyo ni ndefu kuliko ya wahusika wengi wa riwaya zetu.

Sasa tazama inavyosimuliwa. Hadithi ya kawaida ya ndege iliyokarabatiwa ina sehemu mbili tu. Ya kwanza ni kuzaliwa: kiwanda, mhandisi, tarehe ya kuruka mara ya kwanza. Ya pili ni uzee wake mtamu: ilikutwa imechakaa, wapenzi wa ndege wakaichangia fedha na miaka ya jasho, ikapaa tena, umati ukashangilia. Katikati, yaani miaka ishirini na zaidi ambayo chombo kilikuwa kinafanya kazi kiliyoundiwa, huwekwa mstari mmoja: "ilitumika Kenya na Botswana." Basi! Hoja yangu katika makala hii ni hiyo moja. Hadithi hii imekatwa kiuno, na kiuno kilichokatwa ndiyo sehemu tuliyokuwamo sisi.

Nianze na mhusika. Katika maonesho ndege huitwa mkongwe, huitwa mstaafu, husemwa kwamba "imefufuka." Kiingereza humwita chombo kwa kiwakilishi cha mwanamke, tena kwa mapenzi. Vijana wenzangu wanaoiga lugha hiyo nao wameanza kuandika "ndege huyu wa kivita alirejea angani kwa maringo." Hapo, bwana, Kiswahili kinatupa nafasi ya kumkamata msimulizi. Ndege wa porini ni huyu, ana uhai, anaruka kwa hiari yake. Ndege ya abiria au ya vita ni hii, inarushwa. Neno ni moja lakini ngeli ni mbili, na kati ya ngeli hizo mbili kuna suala zima la dhamana. Ukisema "ndege huyu alishambulia," umekwisha mwondoa aliyeshika usukani, aliyetoa amri, aliyelipa na aliyeuza. Umempa bati dhambi ambazo bati haliwezi kuzijibu. Na ukisema "amestaafu," umelipa bati kiinua mgongo. Ndege haistaafu. Huuzwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeandika juu ya mashine za vita ni mdogo sana, hata mtoto wa shule anaujua: shika ngeli yako. Andika "inarushwa," kisha ujiulize na nani.

Jambo la pili ni rangi. Fundi anayekarabati ndege iliyopita mikononi mwa majeshi mawili au matatu hana budi kuchagua ivae bendera gani. Hawezi kupaka zote. Kuchagua rangi ni kuchagua msimulizi. Kutoka kiwanja cha Hawarden, kule Wales, imekuwa ikirushwa Strikemaster yenye rangi za Jeshi la Anga la Sultani wa Oman. Usajili wake wa kiraia ni G-SOAF, na hizo herufi nne za mwisho ndizo kifupi cha jina la jeshi hilo kwa Kiingereza. Raia huyu ameamua kubaki na jina la jeshini. Wala simlaumu aliyeichagua. Kila mstaafu hupenda kuitwa kwa cheo chake cha zamani. Lakini ukivaa sare, watu wana haki ya kukuuliza ulipigana wapi.

Strikemaster za Oman zilipigana Dhofar. Vita ile ilianza miaka ya 1960 na kuzimwa katikati ya miaka ya 1970. Tarehe 19 Julai 1972, mamia ya wapiganaji waliokuwa wakimpinga Sultani waliushambulia mji mdogo wa Mirbat. Waliokuwa ndani walikuwa wachache: askari wa Oman, wenyeji waliokuwa upande wa Sultani, na Waingereza tisa wa kikosi cha SAS. Mawingu yalikuwa chini sana. Strikemaster zilikuja chini ya mawingu hayo zikapiga, na mji haukuanguka. Hii ndiyo hadithi inayopendwa, na ni ya kweli. Marubani wale walihatarisha maisha yao, na watu waliokuwa Mirbat asubuhi ile walikuwa na kila sababu ya kuishangilia sauti ya injini.

Ila Oman si nchi ya mbali kwa msemaji wa Kiswahili. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, na miongoni mwa waliokwenda ni watu waliozaliwa au kulelewa Unguja na Pemba, wengi wao wakiwa wameondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Walifika Maskati na Kiswahili chao, wakaanza maisha mapya wakati vita ya kusini ikiendelea. Kwa nyumba nyingi za namna hiyo, ndege ile ilikuwa mlinzi wa makazi mapya. Kwa mchungaji wa milima ya Dhofar, ilikuwa sauti ya kumfanya aache mbuzi na kukimbilia pangoni. Ndege ni moja, wasikilizaji ni wawili. Maonesho humleta mmoja tu, tena si yeyote kati ya hao: humleta aliyekuwa ndani ya ndege. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Hapa mtenda hakusahau hata kidogo. Anakumbuka kwa fahari, na ana kipaza sauti.

Twende Kenya. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Huko Nanyuki marubani watatu walishurutishwa kwa bunduki wapae, F-5 mbili na Strikemaster moja, wakapige Ikulu na makao makuu ya kikosi cha GSU jijini Nairobi. Walipaa kweli. Lakini walielewana wao kwa wao, wakazungusha ndege zao kwa namna ya kumvuruga koplo aliyekuwa akiwasimamia, ambaye hakuwa amezoea kupanda jeti, kisha wakayatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya na kurudi. Jaribio lilishindwa. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikimbilia kwetu Dar es Salaam kwa ndege ya mizigo ya jeshi, akarudishwa baadaye na kunyongwa mwaka 1987. Jeshi la Anga lenyewe lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina jingine, na jina lake la zamani lilirudishwa mwaka 1994.

Msomaji, pima mwenyewe. Hapa kuna tukio ambalo mwandishi wa tamthilia angelilipia: chumba kidogo cha kioo, viti viwili, mtu mmoja anajua kurusha, mwingine ana nguvu ya kuamuru, chini kuna jiji lililolala. Uzuri wa tukio hili ni kwamba ushujaa wake ulikuwa kutokupiga. Lakini ushujaa wa kutokupiga hauna alama ya kuchorwa ubavuni mwa ndege. Ukarabati una rangi ya Mirbat; rangi ya msitu wa Mlima Kenya hauna. Katika simulizi za wapenzi wa ndege, 1982 ni sentensi ndogo inayoeleza kwa nini Kenya iliamua kuuza.

Na mafundi je? Ndege haikai angani kwa uhodari wa rubani peke yake. Kuna waliobadilisha mafuta, waliokagua injini, waliofunga mabomu na kuyafungua, huko Nanyuki na huko Botswana, kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano ukijumlisha. Tunasifu, tena kwa haki, mikono iliyokarabati ndege ikiwa mzee. Lakini kama mikono ya Kiafrika isingeitunza, ingebaki nini cha kukarabati? Kimya hiki kinanikera kuliko vyote, maana hakihitaji chuki kutokea. Kinahitaji uvivu tu.

Wapo watakaosema: kijana, unachimba makaburi. Ndege imenyang'anywa silaha, inafurahisha watoto, imekuwa raia mwema. Nawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza, uraia wa ndege hauna kiapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Strikemaster mbili zilizowahi kuwa za Botswana, baada ya kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Ulaya, zilijikuta jeshini tena, safari hii Ivory Coast, wakati nchi ile imegawanyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Zilitoka jeshini, zikapita uraiani, zikarudi jeshini. Umbo lilikuwa limehifadhiwa vizuri mno, na chombo kilichohifadhiwa umbo kimehifadhiwa pia uwezo.

La pili ni zito zaidi. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege kongwe ya aina ya Hawker Hunter ilikuwa ikifanya michezo ya hewani katika maonesho. Hunter nayo si mgeni kwetu. Kenya ilizirusha, Oman ilizirusha. Siku ile ilijipindua, haikupata kimo cha kutosha, ikaanguka juu ya barabara kuu. Wanaume kumi na mmoja walikufa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya ndege. Wawili walikuwa vijana wa timu ndogo ya mpira, Worthing United, wakienda kwenye mechi. Mmoja alikuwa dereva anayekwenda kumchukua bibi harusi. Rubani alinusurika, mahakama ilimwona hana hatia mwaka 2019, na mwaka 2022 uchunguzi rasmi wa vifo ukaamua kwamba watu wale waliuawa isivyo halali. Baada ya ajali ile jeti kongwe zilizuiwa kufanya michezo hiyo juu ya nchi kavu nchini humo.

Siitaji ajali hii ili kuwasimanga Waingereza katika msiba wao. Naitaja kwa sababu siku ile watu wa chini waliingia katika hadithi kwa nguvu, bila kualikwa. Walikuwa barabarani, na shughuli zao, na ndege haikuwa na ugomvi nao. Majina yao yalisomwa, picha zao zikachapishwa, sheria ikabadilika. Hivyo ndivyo inavyopasa. Mtu aliye chini ana jina. Swali langu ni kwa nini tulihitaji wafe katika barabara ya Uingereza ndipo ukweli huo uonekane, wakati mashine za aina hii zilikuwa na watu chini yake tangu siku ya kwanza ya ajira yao.

Sasa, nisije nikaonekana nataka ndege zote zikatwe chuma chakavu. Huku kwetu upande wa Ziwa Eyasi wapo wahunzi wa Kidatoga. Huchukua msumari, kufuli bovu, koki ya bomba, wakafukuta moto, na kitu kile kikatoka kikiwa kichwa cha mshale cha kumuuzia Mhadzabe, au bangili. Ukiivaa bangili hujui kama jana ilikuwa kufuli la duka la nani. Ni ustadi mkubwa, nami nauheshimu. Lakini si jibu la tatizo letu, kwa sababu bangili imesahau kila kitu. Jeti ya maonesho inakumbuka nusu. Bangili haikumbuki chochote. Kati ya mkarabati na mhunzi, nani atakumbuka yote? Mimi naona ni mwandishi, na hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi wenyewe.

Maana nasi tuna jeti zetu. Katika Vita vya Kagera ndege za Amin zilivuka mpaka kutushambulia, na mwaka 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza. Majeshi yetu yalipoiteka Entebbe mwezi Aprili mwaka huo yalikuta MiG-21 za Uganda, na baadhi zikaletwa Mwanza. Nyimbo za vita ile tunazo, za askari wa miguu na za Amiri Jeshi Mkuu. Lakini bado naisubiri riwaya ya Kiswahili itakayokaa na mwanamke wa Mwanza aliyeusikia mlio ule bila kujua ni wa nani, au na fundi aliyefungua tumbo la MiG iliyokuwa ya adui jana, akaanza kusoma vyombo vyake. Tunawalaumu wageni kwa kukata kiuno cha hadithi, na sisi wenyewe hatujakiandika.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kazi hii, "Strikemaster iliyokarabatiwa," ni hii. Kwa upande wa fani, imefaulu sana: umbo limetunzwa, sauti ya injini ni ile ile, mafundi wake wanastahili heshima. Kwa upande wa maudhui ni kazi pungufu. Ina mwanzo na mwisho, haina katikati. Ina aliye juu, haina aliye chini. Siombi ishushwe. Naomba ubao wake wa maelezo uongezwe urefu: iandikwe Nanyuki 1982, waandikwe mafundi wa Kenya na Botswana, iandikwe Dhofar kwa macho ya pande zote mbili, na Ivory Coast isifichwe. Raia mwema ni yule anayejibu akiulizwa alikotoka.

Wenye ndege wasipoandika, tuandike sisi. Wastaafu wa Nanyuki wako hai wengi, wako vijijini mwao wanafuga kuku. Mwanza wapo walioisikia Tu-22. Maskati wapo mabibi wanaozungumza Kiswahili cha Mkunazini mpaka leo. Nauli ya kuwafikia si kubwa, wengine ni jirani zetu wa mlango wa pili. Tukichelewa miaka kumi zaidi, itakayobaki kusimulia ni ndege peke yake, na ndege, kama nilivyosema, ni hii, haina mdomo.